Ile ndege ni ya nani? Habari ya Pipa za Kamina, na kosa langu mwenyewe

Leo sileti habari ya bei ya ndagala wala ya hali ya barabara ya Nyunzu. Leo nataka kujibu swali ambalo mnaniuliza karibu kila wiki kwenye simu ya studio. Swali lenyewe ni fupi: ile ndege ni ya nani?

Wanaoniuliza zaidi ni familia zilizokimbia vita, ambazo leo zinaishi kambini na katika nyumba za wenyeji pembeni ya mji wetu wa Kalemie. Mtu ambaye hajawahi kupigwa kutoka juu, ndege ikipita anaendelea kupika. Aliyetoka mahali ambapo mabomu yalianguka haendelei kupika. Anainua kichwa, anahesabu watoto, anatafuta viatu. Ndipo anapiga simu redioni: "Papa wa redio, ile ndege yenye imepita ni ya nani? Tukimbie ao tubakie?"

Kabla ya kujibu, lazima niseme kosa langu, maana wengi wenu mnalijua na hamjanisikia nikilitaja hewani.

Ilikuwa jioni, mwanzoni mwa mvua. Nilikuwa peke yangu studioni. Ndege ilipita chini chini juu ya mabati, ikaelekea kaskazini, ikarudi. Simu zikaanza kulia. Wakati huohuo, katika kundi moja la WhatsApp, mtu aliandika kwamba ni ndege ya vita na kwamba inakuja kupiga. Hakusema ameiona wapi. Hakusema amejuaje. Mimi nikafungua maikrofoni nikasema: "Tunapata habari kwamba ndege ya vita inazunguka juu ya mji wetu." Maneno kumi na moja tu.

Maneno hayo yaliitoa kambi nzima usiku. Watu walikimbilia milimani na wengine kando ya ziwa. Mzee mmoja alivunjika mkono mtaroni. Mtoto wa miaka sita alipotea, na mama yake alimtafuta mpaka alfajiri, akiita jina lake kati ya mitumbwi. Wavuvi wa ndagala ndio waliomkuta, amelala juu ya nyavu, mzima, ametetemeka kwa baridi.

Asubuhi nilikwenda uwanja wa ndege. Ndege yenyewe ilikuwa pale, imeegeshwa. Ilikuwa ndege ya mizigo. Vijana walikuwa wanashusha katoni za dawa.

Siku ya tatu yule mama alikuja studioni na mtoto wake mkononi. Nilijitayarisha kutukanwa. Hakunitukana. Aliketi, akaniuliza: "Papa, wewe uliiona hiyo ndege ya vita?" Nikasema hapana. "Sasa ni nani aliiona?" Nikanyamaza. Sikuwa na jina la mtu hata mmoja.

Swali lake lilinirudisha kwa nkambo wangu, mama wa mama yangu, ambaye alikufa miaka kumi na kitu iliyopita. Yeye pia alikuwa mkimbizi wa vita, na yeye pia aliishi kambini, akiangalia juu. Habari aliyonisimulia nilipokuwa mtoto niliichukua kama hadithi ya jioni. Baadaye, nilipofanya masomo ya uandishi wa habari, nilianza kuitafuta katika vitabu na nikaikuta. Leo nataka kuwapa habari hiyo yote, kwa sababu inajibu swali lenu kuliko mimi nilivyolijibu usiku ule.

Nkambo alikuwa mtu wa Manono. Mume wake alifanya kazi ya reli Elisabethville, mji ambao leo tunauita Lubumbashi, na walikaa Katuba. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni nchi ya peke yake. Mwezi huohuo askari wa ONU, Umoja wa Mataifa, walianza kuingia Kongo. Baluba wengi hawakukubali kujitenga kwa Katanga, na mwaka wa 1961 walianza kuwindwa ndani ya mji. Mwezi wa Agosti na wa Septemba walikimbia kwa makumi ya maelfu, wakajibandika kando ya kambi ya askari wa Uswidi waliokuwa wanatumikia ONU. Nkambo alikuwa mmoja wao, na mimba ya mjomba wangu mkubwa. Walijenga vibanda kwa matawi, makaratasi na mabati ya kuokota. Maji yalikuwa machache, choo hakuna, na ndani ya kambi yenyewe kulikuwa na vijana wenye visu waliotisha watu. Sifichi hilo, yeye mwenyewe hakulificha.

Aliniambia hivi: "Ndeke ya kwanza yenye niliona ilikuwa na mukia kama makasi." Watu wa Lubumbashi wanasema ndeke, si ndege, na yeye alisema hivyo mpaka kufa kwake.

Nilipokuwa mtoto nilicheka. Ndege yenye mkia wa makasi? Lakini ilikuwepo. Jina lake ni Fouga Magister, ndege ndogo ya jeti iliyotengenezwa Ufaransa kwa kufundishia marubani. Mkia wake haufanani na wa ndege nyingine: mabawa yake mawili ya nyuma yamesimama upande upande kama herufi V. Kweli ni makasi yaliyofunguliwa. Serikali ya Katanga ilipata tatu mwanzoni mwa 1961. Moja ilianguka, nyingine ONU iliikamata uwanjani Elisabethville mwezi wa Agosti. Ikabaki moja, ikiruka kutoka Kolwezi, na rubani wake alikuwa mamluki mzungu.

Ndege hiyo moja ilisumbua jeshi la ONU lote. Vita vilipoanza Elisabethville tarehe 13 Septemba 1961, ONU ilikuwa na askari wengi na ndege za mizigo, lakini haikuwa na hata ndege moja ya kupigana. Fouga ilikuja mchana, ikapiga, ikarudi Kolwezi kujaza risasi, ikaja tena. Ilipiga uwanja wa ndege na ndege za mizigo zilizokuwa zimesimama. Kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, ilipiga askari wa Ireland zaidi ya 150 waliokuwa wamezingirwa. Walipigana siku tano, maji yakawaishia, risasi zikawaishia, wakakamatwa. Ndege moja tu! Ndipo watu wakubwa wa New York wakafahamu jambo ambalo nkambo alilifahamu akiwa chini ya matawi: mwenye ndege peke yake ndiye mwenye nchi mchana.

Katibu Mkuu wa ONU wakati huo alikuwa Dag Hammarskjöld, mtu wa Uswidi. Alitaka kuonana na Tshombe ili risasi zinyamaze. Walipatana kukutana Ndola, mji wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Tarehe 17 Septemba aliondoka Léopoldville kwa ndege iliyoitwa Albertina. Kwa sababu ya kuogopa Fouga, ndege haikupita njia ya moja kwa moja. Ilikuja mashariki mpaka ziwa letu hili la Tanganyika, kisha ikageukia kusini, usiku, bila kusema sana redioni. Kila nikitembea ufukweni gizani nafikiri juu ya hilo. Hawa waliokwenda kuomba amani walijificha upande wetu huu, sababu ya ndege moja yenye mkia wa makasi.

Baada ya saa sita ya usiku, Albertina ilianguka msituni karibu na Ndola. Ilikuwa na watu 16. Kumi na tano walikufa hapohapo, mmoja aliishi siku chache hospitalini, naye akafa. Kifo hicho nitakirudia, kwa sababu swali letu la leo limo ndani yake.

Sasa tunafika kwenye kikosi chenyewe. Baada ya Septemba ile, ONU iliomba nchi zilete ndege za kupigana. Tatu ziliitika: Ethiopia ilileta Sabre, India ilileta Canberra, ndege za kutupa mabomu za injini mbili, na Uswidi ikaleta kikosi kilichoitwa F 22. Askari wa kikosi hicho walikuwa watu waliojitolea. Walikuja mwezi wa Oktoba 1961 na ndege tano, na kiongozi wao wa kwanza alikuwa Sven Lampell. Ndege hizo hazikuletwa ndani ya meli. Marubani waliziendesha wenyewe kutoka Ulaya ya baridi, wakitua nchi baada ya nchi kujaza mafuta, mpaka Luluabourg, ambayo ni Kananga ya leo. Kisha wakahamia kituo kikubwa cha Kamina, kilichojengwa na Wabelgiji.

Ndege yao ni Saab J 29. Iliruka mara ya kwanza mwaka wa 1948, na Uswidi ilitengeneza zaidi ya 600. Ina injini moja ya jeti, kiti kimoja, mizinga minne ya milimita 20 puani, na mwendo wake unapita kilomita 1,000 kwa saa. Umbo lake ni fupi na nene, kwa sababu injini ni pana na mwili wa ndege umeizunguka tu. Waswidi wenyewe waliipa jina Tunnan. Maana yake ni pipa.

Nkambo hakujua neno moja la Kiswidi. Lakini alisema: "Ya pili ilikuwa na tumbo. Ilipita kama mama mwenye mimba anayekimbia." Niliposoma neno Tunnan kwa mara ya kwanza, katika chumba cha masomo chenye umeme wa kubahatisha, niliacha kitabu nikatoka nje. Alikuwa ameona vizuri. Mwanamke wa miaka ishirini na tatu, hana shule, ana njaa, alikuwa ameona vizuri kuliko wengi waliovaa darubini shingoni.

Kazi ya ndege za namna hii, ambayo ndiyo ilileta kikosi hiki, ni kukatiza. Adui akiruka, wewe unapanda haraka, unamfuata, unamzuia kabla hajawafikia watu wako. Waswidi walikuja kuikamata Fouga angani. Lakini hapa ndipo habari inageuka: hawakupigana na ndege hata moja angani, tangu siku ya kufika mpaka siku ya kuondoka. Marubani wa Katanga waliposikia kwamba Pipa ziko Kamina, hawakutaka tena kukutana nao juu. Kwa hiyo vita vya kikosi hiki vilikuwa vya kupiga vitu vilivyo ardhini.

Mwishoni mwa Novemba 1961 Baraza la Usalama liliruhusu ONU kutumia nguvu ili kuwaondoa mamluki. Tarehe 5 Desemba mji wa Elisabethville ukawaka tena. Canberra za India na Pipa za Uswidi zilipiga uwanja wa ndege wa Kolwezi. Kutoka Kamina mpaka Kolwezi, kwa mwendo wa ndege hizo, ni karibu robo saa tu. Ndege za Katanga ziliungua chini, na ONU ikawa mwenye anga mchana.

Katika siku hizo nkambo alikuwa amelala kifudifudi ndani ya kibanda, na mtoto wa wiki chache chini ya kifua chake. Nilimuuliza kama alifurahi kuona Pipa zikipita, maana zilikuwa za wale waliokuwa wanailinda kambi. Jibu lake nalikumbuka mpaka leo: "Mwana, ndeke ikipiga, sikio halijui rafiki." Alijua kwamba zile si za Tshombe. Alishukuru kwamba ile ya makasi haikurudi. Lakini mwili wake ulitetemeka vilevile, na upande wa pili wa mji, nyumba za watu wasio na bunduki zilibomoka, na raia walikufa. Nawaambia hilo kwa sababu redio nyingi husimulia habari za ndege kama mchezo wa mpira: hawa wamefunga, wale wamefungwa. Mtu wa chini hana timu. Ana mtoto chini ya kifua.

Mwaka wa 1962 ulikuwa wa mazungumzo yasiyoisha. Wakimbizi wa kambi ile walianza kurudishwa makwao, wengine Kasai, wengine kaskazini ya Katanga. Nkambo na mume wake walipanda treni na mtoto na sufuria moja, na ndivyo ukoo wetu ulivyofika huku. Kikosi cha Waswidi kilipata ndege nyingine, na mbili kati ya hizo zilikuwa S 29C: Pipa isiyo na mizinga, yenye kamera. Kazi yake ilikuwa kupita juu na kupiga picha za viwanja, ili wakubwa waache kubahatisha na kujua kwa macho ndege za Katanga ziko ngapi na ziko wapi. Tshombe alikuwa ananunua ndege nyingine, zikiwemo Harvard za zamani zilizofungwa silaha.

Mwezi wa Oktoba 1962 India iliingia vitani na China mipakani kwao, ikaziita nyumbani Canberra zake. Waethiopia nao walikuwa wameondoka. Kwa hiyo vita vya mwisho vilipoanza, tarehe 28 Desemba 1962, Pipa ndizo zilizobaki kuwa ndege za vita za ONU katika Kongo. Kesho yake zilipiga uwanja wa Kengere, Kolwezi. Walijua wapi pa kupiga, kwa sababu ya zile picha. Ndani ya siku chache ndege za Katanga ziliharibiwa, nyingi zikiwa bado zimesimama chini. Pipa zilipigwa risasi nyingi kutoka ardhini, zikarudi na matundu, lakini hakuna hata moja iliyoangushwa. Katikati ya Januari 1963 Tshombe alitangaza mwisho wa kujitenga, na tarehe 21 askari wa ONU waliingia Kolwezi bila vita. Mwanzoni mwa mwaka huo Sabre za Iran na za Ufilipino zilifika pia, lakini kazi kubwa ilikuwa imekwisha.

Na Pipa zenyewe? Hapa mnisikilize vizuri. Baadhi hazikurudi kwao. Uswidi ilikuwa na ndege mpya zaidi, na gharama ya kuzirudisha ilionekana kubwa kuliko thamani yake. Waliziweka baruti hapohapo kituoni, wakazilipua. Ndege ambazo risasi hazikuziangusha ziliangushwa na hesabu ya fedha. Nilipomsomea nkambo habari hiyo, alicheka kwa mara ya kwanza katika mazungumzo hayo yote. Akasema: "Basi hata wao waliacha vitu vyao njiani kama sisi."

Tangu siku zile ONU imeweka ndege nyingine katika anga yetu. Mwaka wa 2013, karibu na Goma, helikopta zake zilipiga milimani, na mwezi wa Desemba mwaka huo ilirusha ndege zisizo na rubani zenye kamera, mara ya kwanza katika kazi zake za amani. Watu wa Goma waliita simu redioni wakiuliza swali lilelile. Kwa kweli ni kazi ya S 29C iliyorudi katika umbo lingine: kuangalia kwanza, ndipo kusema.

Sasa narudi Ndola, kama nilivyowaahidi.

Usiku ule Albertina ilipoanguka, msitu haukuwa mtupu. Kulikuwa na wachoma makala waliokuwa wanalinda tanuri zao, watu weusi maskini. Kadhaa kati yao walisema kwamba waliona ndege ya pili angani, ndogo, karibu na ile kubwa, na mwanga mkali kabla ya kuanguka. Tume ya serikali ya kikoloni ya Rhodesia haikuyachukua maneno yao kuwa kitu. Ilisema ni kosa la rubani. Tume ya ONU ya mwaka wa 1962 haikuweza kufunga shauri. Na ndivyo lilivyokaa zaidi ya miaka 40, mpaka watafiti walipokwenda tena vijijini kuwauliza wazee wale waliokuwa bado hai, kisha mwaka wa 2011 Susan Williams akatoa kitabu juu ya kifo hicho. Baada ya hapo ONU ilifungua uchunguzi upya, na kazi hiyo ikawekwa mikononi mwa Mohamed Chande Othman, ambaye alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Katika ripoti zake amesema kwamba inawezekana ndege ile ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje, na kwamba kuna serikali ambazo bado hazijafungua makabati yao yote.

Mnaona? Dunia nzima, na majaji wake na makabati yake, mpaka leo inauliza swali la yule mama wa kambini: ile ndege ilikuwa ya nani? Na watu ambao wangeweza kusaidia kulijibu mapema walikuwa pale chini, macho wazi, usiku huohuo. Hakuna aliyewapa uzito, kwa sababu walikuwa wachoma makala.

Mimi nilifanya kosa la namna moja na tume ile, ila kwa upande mwingine. Wao waliwakataa watu walioona. Mimi nilimkubali mtu ambaye hakuona. Wote tuliacha kumuuliza mwenye macho. Usiku ule nilikuwa na simu kumi na mbili za watu waliokuwa wamesimama nje, wameiona ndege ile juu ya vichwa vyao. Sikumuuliza hata mmoja ilikuwa na umbo gani. Nilichukua maandishi ya mtu asiye na jina, nikayapa sauti yangu.

Kwa hiyo tumebadilisha namna ya kufanya kazi. Mkipiga simu juu ya ndege, nitawauliza mambo machache na mtanivumilia. Umeiona mwenyewe ao umeambiwa? Ilikuwa saa ngapi? Ilitoka wapi, ikaelekea wapi? Ilikuwa na taa? Sauti yake ilikuwa ya panga linalozunguka, ya jeti inayopasua, ao ya kuvuma kama pikipiki ya mbali? Mkia wake, tumbo lake? Kisha tunapiga simu uwanjani. Hewani tutasema kilichoonekana, na nani aliona, kama anakubali. Kama ni woga tu, tutasema ni woga, bila kumcheka mtu, maana woga wenu mmeupata kwa bei kubwa. Na kama hatari iko kweli, tutaisema mara moja, na mtatuamini kwa sababu hatukuwapigia kelele bure.

Yule mama nilimwomba msamaha siku ileile, mbele ya mtoto wake. Leo ninauomba hapa, kwake na kwa mzee aliyevunjika mkono na kwa kambi nzima.

Wiki mbili zilizopita, saa kumi na mbili ya jioni, simu ililia. Alikuwa baba mmoja wa kambini, mtu mzima, sauti ya taratibu. Akasema: "Mwana, andika. Nimeiona mimi mwenyewe na wajukuu wangu wawili. Imetoka upande wa ziwa. Taa zinawaka. Mapanga mawili, moja kila bawa. Tumbo nene. Inashuka kuelekea uwanjani." Nikapiga simu uwanjani, wakathibitisha kwamba ni ndege ya mizigo. Nikafungua maikrofoni nikasoma maneno ya mzee kama alivyoyasema, moja moja, nikaongeza jibu la uwanja.

Baadaye nilipita kambini kumshukuru. Moto ulikuwa unawaka nje ya vibanda. Mama wa mtoto yule alikuwa anasonga bukari, na sombe iko jikoni. Akaniuliza kama nimekula. Hakuna aliyekuwa ametafuta viatu.